Beleshi la Usiku wa Kwanza

Huku kwetu bonde la Markha
mgeni hangojewi siku ya tatu ndipo apewe jembe.
Mama Yangdol humkabidhi beleshi usiku wa kwanza,
kabla hata chai ya chumvi na siagi haijamkunja uso.
Humpandisha ngazi, humwonyesha mlango mfupi,
chumba kisicho bomba, tundu la mraba sakafuni,
na kando lundo la udongo mkavu na majivu.
"Ukimaliza, funika. Mabeleshi mawili.
Maji usimwage. Hata tone."

Mimi ni mwenye farasi. Hubaki uani nikifungua mizigo,
nikisikiliza nyayo za mgeni juu ya dari
zikienda, zikisita, zikirudi.
Wapo wanaocheka. Wapo wanaoshuka
wakaniuliza kwa sauti ndogo
kama kuna choo kingine, cha kweli.

Mwaka ule alikuja Joost, bwana wa Rotterdam,
soksi zake zimeandikwa ipi ya kulia, ipi ya kushoto,
na chupa ishirini na nne za maji ya dukani
mgongoni mwa Nagmo, farasi wangu jike,
ilhali birika la Yangdol halijapoa tangu aolewe.
Sikusema neno.
Alinikodi farasi, hakunikodi ulimi.

Alfajiri nikamwona ananyata kando ya ukuta,
karatasi mkononi, akielekea kijitoni.
Yangdol alikwisha kusimama pale penye ubao wa kuvukia,
kofia ya sufu kichwani, beleshi begani.
Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole kufuata maji
akataja wanaoyanywa:
Dolkar na mapacha wake,
ng'ombe wa Rigzin, yule mwenye pembe moja,
watawa watatu, watoto wa shule kumi na mmoja,
"na wewe, chai yako ya saa moja."

Bwana akageuka, akapanda ngazi.
Tukasikia: pu. Pu.
Mficha uchi hazai, wala shamba lake halizai.

Nami nisijifanye mtakatifu.
Miaka kumi nilizika makopo kule Nimaling,
penye upepo unaokata masikio,
nikidhani mlima ni mfuko usiojaa.
Kumbe barafu haitunzi siri ya mtu.
Ilirudi nyuma kila kiangazi
kama shuka linalovutwa na mwenzio usingizini,
ikayaacha makopo yangu juani,
picha za samaki zingali zinang'aa.
Mwana wa Nagmo alikanyaga moja.
Alichechemea mpaka majira ya baridi,
na baridi ya huku haimngoji anayechechemea.

Tangu hapo nina gunia la pili.
Hupanda tupu, hushuka limejaa.
Halina malipo. Nagmo hulibeba
bila kuniangalia.

Baada ya miaka miwili Joost akarudi.
Chupa moja, ya chuma, imebonyea ubavuni.
Yangdol akamwekea bakuli la unga wa shayiri iliyokaangwa,
akamwonyesha kuufinyanga kwa chai, kwa vidole,
kisha akamwelekeza dirishani, shamba la chini
karibu na mierebi, mabua bado mafupi.
"Ule udongo wa choo hulala mwaka mzima, kisha huenda pale.
Kula. Haya ni mavuno yako."

Tonge likasimama shavuni.
Akaniangalia. Nikaangalia farasi.
Kisha akatafuna,
na akaomba kuongezwa,
sijui kwa heshima au kwa njaa.

Usiku nyayo zikapita juu ya dari
bila kusita.
Pu. Pu.
Kimya kidogo.
Pu.

Yangdol akaguna gizani, jikoni:
"Nilisema mawili.
Udongo mkavu anadhani unateremka na theluji?"